Elfu tisini ya kujifunza kushika breki: kozi ya pikipiki hapa Tanga inalipa au hailipi?

Nilipomwambia mume wangu nataka kutoa elfu tisini niende kozi ya pikipiki alinyamaza kwanza, akamalizia chai yake, halafu akaniuliza, "Sasa we pikipiki si unaendesha mwaka wa nne huu, na leseni unayo, unaenda kujifunza nini tena?" Swali hilohilo nimeulizwa na walimu wenzangu, nimeulizwa na vijana wa kijiwe cha pale kwetu Makorora, na mama yangu mzazi kaniuliza kwa simu kutoka Muheza. Nimeona niandike yote hapa mara moja maana tangu nimalize kila ninayekutana naye anataka nimsimulie ilikuwaje. Jibu langu fupi ni kwamba hela yangu imerudi, ila kuna kozi na kozi, na mie nimepita zote mbili, kwa hiyo nivumilieni nieleze.

Mie ni mwalimu wa msingi, shule yetu iko njia ya Pangani, mbele ya Tongoni. Natoka nyumbani saa 12 kasoro asubuhi, nakatiza Ngamiani, natoka mjini naishika barabara ya Pangani, na jioni narudi hivohivo. Chombo changu ni TVS 125, ya kawaida kabisa, breki za dramu mbele na nyuma, nimeinunua mkononi kwa mtu. Daladala zipo lakini ukizisubiri unafika kengele ishagongwa, na boda ya kila siku kwenda na kurudi ndo inameza mshahara wote.

Kozi ya kwanza niliyosoma ni ile ya shule ya udereva ya kawaida hapa mjini, sitaitaja jina. Wiki tatu. Nyingi tulikaa kwenye benchi tunaangalia chati ya alama za barabarani, na hilo silidharau, alama nilizijua pale na mpaka leo nazijua. Tatizo lilikuwa pikipiki. Ilikuwa moja, sisi wanafunzi tulikuwa kama ishirini hivi, kila mtu anapewa kama dakika kumi anazunguka kiwanja cha mchanga kwa gia ya kwanza, siku njema ya pili, basi, shuka mwenzio apande. Siku ya mtihani tukapita katikati ya koni tukapiga nane, usiweke mguu chini, ukimaliza umefaulu. Nikapata cheti, nikaenda trafiki, nikalipia TRA, nikapewa leseni daraja A. Yani nimepewa ruhusa ya kwenda mpaka Horohoro, mpakani na Kenya, kwa pikipiki ilhali gia ya tatu sijawahi kuigusa mbele ya mwalimu, na kusimama kwa dharura hakuna aliyenifundisha hata kwa mdomo. Breki nilifundishwa na kaka yangu, na somo lake lilikuwa sentensi moja tu, "ya mbele usiiguse, itakupaisha."

Nimeishi na sentensi hiyo miaka mitatu.

Ikafika masika ya mwaka jana, mwezi wa 4, asubuhi mvua imekatika muda huohuo, lami inang'aa, nimeshapita Mwahako naenda zangu kama kilomita 50 kwa saa hivi. Mbuzi wawili wakachomoka kwenye minazi upande wa kushoto. Wa kwanza akavuka, wa pili akafika katikati ya barabara akasimama akaniangalia, na mie nikamwangalia yeye, macho yamemganda, nikakanyaga breki ya mguu kwa nguvu zangu zote. Tairi la nyuma likafunga. Nakumbuka nililisikia linalia, halafu likaanza kunipita kwa pembeni kama linataka litangulie lenyewe, nikaona lami inakuja ubavuni. Mbuzi hakuguswa. Mie nilivunjika mkono wa kushoto juu ya kifundo cha kiganja, nikafungwa muhogo (plasta) wiki 6, na ukijumlisha picha, dawa, nauli za boda za kwenda kazini nikiwa na mkono shingoni, na kutengeneza chombo, imepita laki tatu na ushee. Mkono mpaka leo baridi ikipiga unaniambia.

Kilichoniuma kuliko mkono ni kwamba sikujua nimekosea nini. Nilifanya kila nilichofundishwa, leseni ninayo mfukoni.

Hii kozi ya pili nikaisikia kwa mwalimu mwenzangu ambaye kaka yake ni dereva wa boda. Kozi yenyewe anaiendesha mzee mmoja mstaafu, kwao kila mtu anamwita Mwalimu tu, anasaidiwa na kijana wake. Haina bango, wala ofisi, anafundishia kwenye kiwanja cha sementi cha godauni la zamani la mkonge njia ya kwenda Pongwe, kampangisha mwenye godauni kwa wikiendi. Ni Jumamosi mbili na Jumapili mbili, saa 1 na nusu asubuhi mpaka saa 7 mchana, elfu tisini, unakuja na pikipiki yako mwenyewe na mafuta yako mwenyewe. Nililipa elfu hamsini siku ya kwanza na arobaini nikamalizia wiki ya pili, hakunisumbua.

Tulikuwa 11. Mie na binti mmoja muuguzi ndo wanawake, wengine boda saba, kijana mmoja anayesambaza mikate madukani, na baba mmoja mtu mzima aliyenunua pikipiki ya kwendea shambani baada ya kustaafu.

Asubuhi ya kwanza hakuna aliyewasha chombo kwa saa nzima. Mwalimu alipita pikipiki moja moja na spana namba kumi mkononi. Anakamata mkono wa breki ya mbele, anaubana, anatuonyesha sote. Kwenye pikipiki 11, nne mkono ule unafika mpaka kwenye usukani na hakuna kinachotokea, waya umelegezwa. Na ya kwangu ilikuwamo. Nikakumbuka kabisa siku fundi wangu aliponiambia, "Madam nimekulegezea ya mbele, usije ukapaa bure," na nikamshukuru, nikampa na elfu mbili ya soda! Mwalimu hakunicheka. Aliniambia, "Mwanangu, umekuwa unatembea na nusu ya breki, na hiyo nusu uliyobaki nayo ndo ndogo." Akakaza waya palepale, akaniachia ulegevu kidogo tu wa mwanzo wa mkono, akasema sasa twende.

Somo la kwanza tulifanya kwa miguu. Unasimama kando ya pikipiki, injini imezimwa, unaisukuma kama imeisha mafuta, ukichanganya hatua unabana breki ya mbele kwa ghafla. Chombo kinajikita, shokapu za mbele zinazama zote, na wewe mwenyewe unataka kuruka usukani. Halafu unarudia, safari hii unabana taratibu lakini unaongeza, unaongeza, unaongeza. Shokapu zinazama polepole, tairi la mbele unaliona kabisa linavyojibana chini kwenye sementi, na chombo kinasimama bila kelele. Hapo ndo akatueleza sababu, kwamba ukianza kusimama uzito wote unahamia mbele, tairi la mbele linakandamizwa chini linashika zaidi, la nyuma linakuwa jepesi karibu linyanyuke, sasa wewe unalikamata lile jepesi ndo unategemea likusimamishe, litafunga tu na litateleza. Sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama iko mbele. Kinachopaisha watu ni kuinyakua kwa hofu, au kuishika wakati chombo kimelala kwenye kona au tairi liko kwenye mchanga. Maneno yake yalikuwa "kamua, usinyakue," kamua kama chungwa, ukilinyakua linapasuka linakurukia machoni. Mtu wa kwetu ukimwambia chungwa anaelewa haraka.

Baada ya hapo tukapanda. Kijana wake alichora mstari wa chokaa chini, unakuja na 40, tairi la mbele likigusa mstari ndo unaanza kusimama, halafu unashuka unahesabu hatua mpaka ulipofikia. Kwa breki ya mguu peke yake mie nilisimama hatua 27 kutoka kwenye chokaa, na alama nyeusi ya tairi imejikunja kama nyoka. Kwa zote mbili, mara ya kwanza, 21, maana niliogopa mkono haukubana. Akanirudisha. 19. Akanirudisha. Kufika saa 5 nilikuwa nimerudia mara sijui ngapi, kiganja kinauma, jasho kwenye helmeti, nikasimama hatua 15. Nilikaa juu ya pikipiki nikaangalia nyuma kwenye ule mstari. Kutoka 27 mpaka 15, chombo kilekile, sementi ileile, mwendo uleule. Hizo hatua 12 katikati yake ndo alipokuwa amesimama yule mbuzi. Nilisikia uchungu koo likabana, nikazuga nafunga mkanda wa helmeti.

Kuna kitu kingine alikisema pale ambacho nakifundisha darasani kwangu siku hizi kwenye hesabu. Ukienda 50, kila sekunde moja inayopita umeshasogea kama mita 14, na hiyo ni kabla hata kidole hakijafika kwenye breki. Na ukiongeza mwendo mara mbili, njia ya kusimamia haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Vijana wa boda hapo walibishana naye nusu saa nzima. Akawaambia sawa, chukueni chombo, njooni na 20, hesabuni, halafu njooni na 40 hesabuni. Walihesabu wenyewe, ubishi ukaisha.

Jumapili ilikuwa kukwepa na kona, hapo sitakaa sana maana ukisoma hutaelewa mpaka ufanye. Mawili tu. La kwanza macho, unakoangalia ndiko chombo kinakoenda, ukikodolea shimo utaingia shimoni, ukimkodolea mbuzi utamfuata mbuzi, inabidi ujilazimishe kuangalia pale penye nafasi. La pili lilinishangaza, kwamba ukiwa kwenye mwendo na unataka chombo kilalie kushoto unasukuma mkono wa kushoto wa usukani mbele, kidogo tu, na kinalala chenyewe kushoto. Tumekuwa tukifanya miaka yote bila kujua, sasa ukijua unaweza ukakwepa kwa haraka makusudi badala ya kubahatisha. Yule baba mstaafu ndo aliipata kwa wepesi kuliko sote, vijana walimpigia makofi.

Wikiendi ya pili ilikuwa abiria na mzigo, na kwa mtu wa Tanga naona hapa ndo pana faida kubwa kuliko popote. Akina mama wetu wanapanda upande, miguu yote kushoto, baibui linapepea, mtoto kapakatwa. Mwalimu alitufanya tubebane. Alimpakia yule muuguzi upande nyuma yangu, akaniambia nije na 20 tu nisimame kawaida, wala sio dharura. Binti wa watu aliteleza wote mpaka akanikaba kiunoni, na huo ni mwendo wa baiskeli! Halafu akampandisha kwa kutanua miguu, mikono kiunoni kwangu, magoti yameshika, tukarudia, hakutikisika. Akatuonyesha na namna ya kukunja baibui na kanga, unalipitisha chini ya paja unalikalia, maana nguo ikiingia kwenye cheni au kwenye spoku haikupi nafasi ya kusema hata astaghfirullah. Mie nilishaona dada mmoja pale karibu na soko la Ngamiani kanga imemvuta, sitaki kuona tena. Na chombo chenye abiria uzito uko nyuma, kwa hiyo ya nyuma inasaidia zaidi kuliko ukiwa peke yako, lakini njia ya kusimamia inarefuka, unatakiwa uanze mapema. Hili la mishikaki, watu watatu wanne juu ya chombo kimoja, hakutaka hata kulijadili, alisema hilo halina mafunzo.

Mengine aliyagusa juujuu. Mvua inapoanza tu ndo lami inateleza kuliko ikishanyesha sana, maana mafuta na vumbi ndo vinaelea. Michirizi ya rangi na zile rasta zikilowa usishike breki juu yake. Ukipita kwenye maji yaliyotuama, na Tanga mvua ikinyesha unajua yanavyotuama, dramu zinaingia maji breki zinakuwa kama hazipo, ukitoka shika kidogokidogo huku unakwenda mpaka zikauke. Hili la mwisho nilikuwa sijawahi kulisikia kwa mtu yeyote.

Sasa mabaya yake, maana siandiki kumsifia mtu. Wakufunzi wawili kwa watu 11 ni wachache, tulikuwa tunasubiri zamu juani, kiwanja hakina hata mti, na siku ya kwanza maji ya kunywa hayakuwepo mpaka mtu atume. Choo hakieleweki, mie na mwenzangu tuliomba nyumba ya jirani. Hakuna somo la usiku, wakati barabara zetu usiku zina hatari zake, lori limezima taa pembeni, baiskeli haina taa wala riflekta, na Tanga hii baiskeli ni nyingi. Hakuna somo la mchanga na tope, yote ni kwenye sementi, wakati mtu wa kwenda mashambani lami anaionea mbali, na yule baba mstaafu alilalamika hilo na ana haki. Na helmeti za kuazima zilikuwa mbili, zote kubwa, zinazunguka kichwani, hiyo siyo helmeti. Nilipomwambia Mwalimu alikubali, alisema darasa lijalo atapunguza watu wawe 8. Tutaona.

Baada ya wikiendi ya kwanza nilikaa na simu usiku natafuta kama duniani huko wameshapima hivi vitu. Marekani mwaka 1981 ilitoka ripoti ya kina Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, walichunguza ajali 900 za pikipiki za Los Angeles wakiwa eneo la tukio. Asilimia 92 ya wale waendeshaji walijifunza wenyewe au walifundishwa na ndugu na marafiki. Yani kaka yangu yuko mpaka Los Angeles. Na wakaona wengi wao walikanyaga ya nyuma mpaka tairi likafunga likateleza, ya mbele hawakuitumia inavyotakiwa, kukwepa hawakujua, na muda wote waliokuwa nao tangu hatari inaanza ulikuwa chini ya sekunde 2. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu nne. Ni mie mtupu, asubuhi ile, na mbuzi wangu.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, maana mwalimu asiyesema yote anadanganya. Mwaka 2010 wale watafiti wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti za wengine na kuzipima, walipitia tafiti za mafunzo ya pikipiki, wakasema ushahidi hautoshi kuthibitisha kwamba kozi zinapunguza ajali, na hata kozi ipi ni bora hawakuweza kusema. Helmeti haina ubishi huo, mapitio yao ya mwaka 2008 yalionyesha inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kwa hiyo kama una hela ya kitu kimoja tu leo, nunua helmeti inayokukaa, ifunge mkanda, na abiria wako umpe ya kwake, sheria yenyewe inataka hivyo. Kozi ifuate.

Na mie naelewa kwa nini kozi nyingine hazisaidii. Nimekaa kwenye ile ya kwanza! Kozi ya kuzunguka koni kwa gia ya kwanza itapunguza ajali gani? Nimeona pia kijana mmoja wa darasani kwetu, alipojua kukwepa akaanza kutoka pale getini kwa kasi anayumba kushoto kulia anajionyesha, Mwalimu akamnyang'anya funguo mbele yetu akamkalisha saa nzima. Ujuzi ukimwingia mtu wa namna hiyo bila kumuogopesha unaweza ukamuongezea ujasiri tu. Nadhani ndo maana yule mzee alitumia muda mwingi kutufundisha kusimama, mbwembwe hakuzipa nafasi.

Nije kwenye kilichotokea mwezi wa 9, maana ndo kinachonifanya niandike kwa uhakika huu. Natoka shule jioni, nyuma nimempakia mwalimu mwenzangu mjamzito wa miezi mitano, kakaa kwa kutanua kama nilivyomuelekeza. Nimeingia Ngamiani, na mnaijua Ngamiani, barabara zimepangwa kwa namba, kila baada ya nyumba chache ni njiapanda, mataa hakuna. Tangu kozi nina tabia, nikikaribia kila njiapanda vidole viwili vinalala juu ya mkono wa breki ya mbele, mwendo 30. Bajaji ikachomoka kutoka kulia, haikuangalia, ikanikatia mbele yote. Sikufikiri chochote. Vidole vilikamua vyenyewe, mguu ukafuata, nikasikia shokapu zinazama, magoti ya mwenzangu yakanibana, tukasimama wima. Kutoka tairi langu mpaka ubavu wa bajaji palikuwa na nafasi ya mtu kupita. Dereva akanyoosha mkono kuomba radhi akaenda zake. Mwenzangu akauliza, "Kuna nini madam?" Alikuwa anaangalia simu, hakuona kitu. Nilisimama pembeni nikamwambia nataka kununua maji, na kweli nilinunua, maana mikono ilikuwa inatetemeka.

Huyo mwenye bajaji angekutana na mie wa mwaka jana, mwenye waya uliolegezwa, sitaki kumalizia.

Kwa hiyo inalipa? Kwa mtu kama mie, anayeendesha kila siku na amefundishwa na kaka au jirani, naona inalipa sana, ni chini ya theluthi ya nilichotumia kwa mkono mmoja uliovunjika. Kwa vijana wa boda hesabu ni tofauti kidogo na nawaelewa, siku nne asubuhi ni siku nne hesabu ya bosi haijatoka, na kama uko kwenye mkataba wa chombo ndo kabisa. Mmoja wa kijiwe chetu nilimshawishi, ana miaka tisa barabarani, alikuja akiwa amenuna, siku ya chokaa alisimama hatua 24 kwa zote mbili, mie nimeshafika 16, na hakusema neno lolote mpaka mchana aliponifuata akaniuliza kwa sauti ya chini, "Madam, hivi mkono unabana vidole viwili au vinne?" Sasa hivi anapakia wanawake kwa kutanua tu, anayekataa anamwacha. Mabosi wenye pikipiki tano sita mngewalipia vijana wenu, chombo ni chenu na kesi ni yenu.

Kama hujaanza kabisa, hujui hata klachi, usianzie hapa, Mwalimu mwenyewe anawarudisha, anza na shule ya kawaida upate alama na leseni. Na popote utakapoenda kulipa, kabla hujatoa hela waulize nitakaa juu ya pikipiki saa ngapi, nitafika gia ya ngapi, nitasimama kutoka mwendo gani, na kuna siku ya kubeba abiria? Wakikujibu habari za cheti tu, shika hela yako. Hii ya kwetu haina cheti chochote, nilipouliza mzee akanionyesha zile alama za tairi kwenye sementi.

Darasa lijalo ni mwisho wa mwezi huu, Jumamosi saa 1 na nusu. Nenda na viatu vya kufunga, helmeti yako mwenyewe, maji ya lita moja na nusu na kofia ya jua, tenki liwe angalau nusu. Anayetaka kuelekezwa aniulize nitamwelekeza. Mie narudi kama atafungua la usiku, nimeshamwomba. Na mdogo wangu wa kiume anayesoma hapa mjini, aliyefundishwa breki na kaka yuleyule, nimemlipia nusu, nusu nimemwambia atoe mwenyewe ili asije akatafuta sababu ya kutokwenda. Waya wake wa mbele nimeshauangalia. Umelegezwa.